NGITILI NI SHAMBA LA KUNI



Pamba unaipanda. Mahindi, mtama na dengu unavipanda. Lakini kuni je? Kila siku moto huwashwa katika kila nyumba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na kila siku mama na watoto huenda kutafuta kuni porini kana kwamba ni mali isiyo na mwenyewe. Zamani pori lilikuwa karibu. Siku hizi mahali pengi wanatoka asubuhi na kurudi jua likiwa kali, na mara nyingine wanarudi na mavi ya ng'ombe makavu badala ya kuni. Mavi hayo yalipaswa kwenda shambani kuwa mbolea. Basi shamba linakosa chakula chake kwa sababu jiko limekosa chake.

Maandishi haya yanaeleza jinsi mkulima wa Simiyu awezavyo kupata moto wa kupikia kutoka katika miti yetu wenyewe ya asili, mwaka hadi mwaka, bila kuimaliza. Yanaeleza pia habari ya mafuta ya miti, kwa sababu watu wengi wameahidiwa utajiri kwa mafuta hayo, na yafaa ujue hesabu yake kabla hujatoa ardhi yako.

KWA NINI KUNI ZIMEKUWA MBALI

Waulize wazee. Watakuambia kwamba sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa msitu wa migunga na miti mingine ya miiba. Tangu miaka ya 1920 hadi miaka ya 1940 misitu mingi ilifyekwa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kuwaondoa mbung'o, wadudu waletao ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o walipungua, na watu pamoja na mifugo wakaingia mahali palipofyekwa. Kisha mashamba ya pamba yaliongezeka, na ng'ombe pia wakaongezeka.

Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wengi waliacha nyuma ngitili zao, yaani yale malisho waliyokuwa wameyafunga tangu enzi za babu zao. Ngitili iliyo mbali na mwenyewe haina mlinzi. Ilikatwa, ikachungwa, ikaisha. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Julius Nyerere aliona hali ya nchi ilivyo, akauita mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya mkoa huo. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Mwaka 1986 serikali ilianza mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI, nao ukaendelea hadi mwaka 2004. Mwanzoni mabwana miti walifikiri dawa ni kugawa miche ya miti ya kigeni. Miche mingi ilikufa kwa ukame au ililiwa na mbuzi. Ndipo walipowasikiliza wazee, ambao walisema: nchi hii haikosi miti, inakosa kupumzishwa. Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Iliota kutoka katika visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi, ikingoja kuachwa.

Jambo hilo ndilo msingi wa maandishi haya. Lakini angalia: ngitili zilizorudi kwa kazi ya miaka ishirini zaweza kuondoka kwa miaka miwili. Leo nyingine zinalimwa, nyingine zinagawanywa kwa urithi hadi zinakuwa vipande, na nyingine zinauzwa kwa wachoma mkaa. Kwa hiyo kila mwenye ngitili apaswa kujua thamani yake.

HESABU YA KUNI ZA NYUMBA YAKO

Mkulima wa pamba anaujua mzani. Tumia mzani huo kwa kuni. Asubuhi moja pima mzigo wa kuni kavu, mpe mama apikie, na jioni pima zilizobaki. Fanya hivyo kwa siku saba, kisha gawanya kwa saba. Hapo utajua jiko lako linakula kilo ngapi kwa siku.

Tuseme nyumba yenye watu wanane inatumia kilo 8 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 2,920, yaani karibu tani tatu. Katika nchi kavu kama yetu, ekari moja ya ngitili iliyotunzwa vizuri yaweza kuongeza kuni kavu kilo 300 hadi 600 kwa mwaka. Tuchukue kilo 400. Basi nyumba hiyo yahitaji ekari 7 na zaidi ili ipike mwaka mzima bila kula mtaji, yaani bila kukata zaidi ya kile kilichoongezeka.

Utasema, "Sina ekari saba za kuacha." Ni kweli, wengi hawana. Lakini tazama jinsi hesabu inavyobadilika. Jiko la udongo lililojengwa vizuri huokoa theluthi moja ya kuni au zaidi ukilinganisha na mafiga matatu. Kilo 8 zinakuwa kilo 5 na kidogo kwa siku, yaani kama kilo 1,950 kwa mwaka. Kisha kuna mabua ya pamba. Mkulima wa pamba ni lazima ang'oe mabua baada ya mavuno ili kuwakosesha wadudu mahali pa kukaa. Mabua hayo ni kuni. Yakipikia kwa miezi miwili tu, umeokoa kilo 320. Zinabaki kama kilo 1,630, nazo zatoka katika ekari 4.

Basi jiko na mabua ya pamba vimekupa ekari tatu bila kununua ardhi. Lakini kumbuka sheria ya pamba: mabua yasikae yamerundikwa nyumbani hadi msimu mpya, maana funza hujificha humo. Yang'oe mapema, yapikie kwanza, na yaliyobaki yachome kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa na mabwana shamba.

KUCHAGUA MAHALI NA KUWEKA MIPAKA

Usitoe ardhi yako bora kwa kuni. Ngitili yafaa mahali ambapo jembe halikupi faida: kwenye miteremko, kwenye udongo mgumu uliopasuka, kando ya makorongo, au kwenye shamba la luseni lililochoka. Yafaa iwe karibu na nyumba, kwanza kwa sababu ya kubeba, pili kwa sababu ya ulinzi. Ngitili unayoiona kutoka mlangoni hailiwi na mifugo ya watu.

Kabla ya kuifunga, tembea ndani yake ukitazama chini. Tafuta visiki vyenye machipukizi madogo yaliyoliwa na mbuzi hadi yakawa kama vichaka. Ukiviona vingi, usinunue miche. Shamba lako limekwisha pandwa. Ukiviona vichache sana, hapo ndipo utakapopanda mbegu za migunga ya asili katika nafasi tupu mwanzo wa mvua. Mbegu za migunga zina ganda gumu. Chemsha maji, yaepue, mimina juu ya mbegu, ziache hadi asubuhi ndipo uzipande. Zilizovimba ndizo zitakazoota kwanza.

Weka mipaka inayoonekana. Mkonge au minyaa hufaa, kwa sababu mifugo haipendi kuila. Waite majirani waione mipaka hiyo, na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji, ili pasiwe na ugomvi baadaye. Mwisho wa mvua, lima ukanda wa hatua nne au tano kuzunguka ngitili yote, uondoe majani yote. Ukanda huo ni wa kuzuia moto. Moto mmoja wa mwezi wa nane waweza kuunguza kazi ya miaka mitano kwa mchana mmoja.

KUTUNZA VISIKI HAI

Kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi, nayo haihitaji fedha. Yahitaji panga kali na subira.

1. Chagua visiki utakavyovitunza, viwe umbali wa hatua tatu au nne. Ukitaka majani mengi kwa ng'ombe, viwe mbali zaidi.

2. Katika kila kisiki yatazame machipukizi. Acha matatu, au manne, yaliyo manene na yaliyonyooka. Mengine yote yakate karibu kabisa na kisiki. Nguvu ya mizizi iliyokuwa ikigawanywa kwa fimbo ishirini sasa itaingia katika tatu.

3. Katika machipukizi uliyoyaacha, punguza matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Usipande juu kuliko hapo, maana mti hupika chakula chake kwa majani.

4. Funga kitambaa au ukili kwenye kila kisiki ulichokichagua, ili wachungaji na watoto wajue kwamba kina mwenyewe.

5. Rudi kila baada ya miezi michache. Machipukizi mapya yatokayo pembeni yakate yakiwa bado madogo. Fito hizo ni kuni zako za kwanza.

Huko Dodoma kazi ya namna hii inajulikana kwa jina la kisiki hai, na wakulima wengi wameifanya hata katikati ya mashamba yao ya mtama. Nawe waweza kuacha visiki kumi na tano au ishirini katika ekari ya shamba. Plau ya ng'ombe itapita kati yao, na kuni zitapatikana karibu na nyumba.

KUVUNA BILA KUMALIZA

Ngitili ni kama kundi la ng'ombe. Mwenye busara hunywa maziwa na kuchinja madume machache, hachinji mitamba. Fanya hivi:

Gawa ngitili yako katika sehemu sita zilizo sawa, uziwekee alama. Usikate chochote kikubwa kwa miaka mitatu ya kwanza, isipokuwa fito za kupunguza na matawi makavu. Tangu hapo kata sehemu moja kila mwaka. Utakapomaliza ya sita, ile ya kwanza itakuwa na miaka sita ya kukua tangu ulipoikata, nayo itakuwa tayari tena.

Kata wakati wa kiangazi, karibu na mwisho wake, kabla ya mvua za vuli. Wakati huo akiba ya mti iko mizizini, na mvua ikinyesha kisiki huchipua kwa nguvu. Ukikata katikati ya mvua, machipukizi huwa dhaifu na kisiki chaweza kuoza. Tumia shoka kali. Kata kwa mshazari, kimo cha shubiri moja kutoka ardhini, ili maji yateremke wala yasisimame juu ya kisiki. Gome lisichanike. Kamwe usichimbe kisiki. Anayechimba kisiki anauza ng'ombe pamoja na tumbo lake la uzazi.

Acha miti mama mitano hadi kumi katika kila ekari, mikubwa na yenye afya, ili iangushe mbegu. Miti ya matunda na dawa isiguswe: mkwaju, mbuyu, mng'ong'o na mjunju. Mpingo nao uache ukue. Huchukua miaka mingi sana, na thamani yake si ya jikoni.

Sehemu iliyokatwa ifungwe kwa mbuzi hadi machipukizi yawe juu kuliko midomo yao. Kwa kawaida ni baada ya misimu miwili ya mvua. Sehemu nyingine waweza kuzifungulia ng'ombe wa kulimia mwezi wa nane au wa tisa, nyasi zikiwa zimekauka zikisimama. Ng'ombe aliyekula katika ngitili hulima akiwa na nguvu mvua zinapoanza, wakati ambapo wa jirani anaanguka katika mtaro. Basi ngitili moja yakupa kuni, nyasi, dawa, fito za kujengea na asali ukitundika mizinga. Utafiti uliofanywa katika mkoa wa Shinyanga na kutolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba faida zote hizo zikijumlishwa, zilizidi kiasi ambacho mtu wa kijijini alitumia kwa mwezi kwa mahitaji yake. Hii ni mali, ingawa haipiti mnadani.

KUKAUSHA NA KUPIKA

Kuni mbichi zina maji karibu nusu ya uzito wake. Ukizitia jikoni, moto hufanya kazi ya kukausha maji kwanza, ndipo upike. Ndiyo sababu moshi ni mwingi na sufuria haichemki. Pasua kuni zikiwa mbichi, maana ndipo zinapopasuka kwa urahisi. Zipange juu ya mawe au magogo ili upepo upite chini, zifunike juu tu, na uziache miezi mitatu au zaidi. Nyumba nzuri ina kuni za msimu ujao zimekwisha pangwa.

Jenga jiko la udongo lenye sehemu mbili za sufuria na bomba la kutolea moshi nje. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa hufaa. Mlango wa kuni uwe mdogo. Mlango mkubwa ni njia ya moto kutorokea. Loweka maharage na choroko usiku, na funika sufuria. Mambo haya madogo huokoa mzigo mzima kwa juma.

Moshi si jambo dogo. Huharibu macho na mapafu ya mama na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi, kama vile gesi, umeme, gesi ya samadi na majiko bora. Ukiweza kununua mtungi wa gesi, nunua, na chai ya asubuhi iivie hapo. Kila siku ya gesi ni siku ya mapumziko kwa ngitili. Lakini nyumba nyingi zitaendelea kuhitaji kuni kwa miaka kadhaa ijayo, na kuni hizo hazina budi kutoka mahali panapojulikana.

HABARI YA MKAA

Wengi hushawishika kuuza miti kwa wachoma mkaa kwa kuwa fedha huja kwa siku moja. Piga hesabu. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Ingawa kilo ya mkaa ina moto mwingi kuliko kilo ya kuni, bado karibu robo tatu ya moto wote uliokuwa ndani ya mti hupotea hewani. Tukisema kuni kilo 100 zatoa mkaa kilo 15, gunia moja la kilo 60 limekula kuni kilo 400. Hayo ndiyo maongezeko ya ekari moja kwa mwaka mzima. Kuni hizo hizo zingepikia nyumba yenye jiko bora kwa siku 75.

Sasa ulijue gunia moja umelipwa shilingi ngapi, na ujiulize kama kwa fedha hizo ungekubali mama watoto wako atembee siku 75 kutafuta kuni kwa wengine. Mwenye nia ya kuuza mkaa aufanye kuwa mavuno ya ile sehemu moja ya mwaka, matawi yakiwa makavu na tanuru likijengwa na kuangaliwa na mtu anayejua. Tena kuvuna na kusafirisha mkaa wa biashara kwahitaji kibali. Muulize Bwana Miti wa wilaya au Wakala wa Huduma za Misitu kabla hujainua shoka.

HABARI YA MAFUTA YA MITI

Tangu miaka ya 2005 na kuendelea watu wengi walikuja vijijini wakisema kwamba mti wa mbono kaburi utatoa mafuta ya kuendeshea magari, nao utastawi katika ardhi kavu isiyofaa kitu. Mbono kaburi si mti wetu wa asili. Ulitoka Amerika ya Kati, ingawa umekaa kwetu muda mrefu kama ua la kuzungushia boma na makaburi. Ni kweli mbegu zake zina mafuta, na mafuta hayo huwaka. Lakini mti uishio katika ukame si sawa na mti uzaao katika ukame. Ulipokosa maji na mbolea, haukuzaa kama ilivyoahidiwa.

Yaliyotokea yanajulikana. Wilayani Kilwa kampuni ya BioShape, na wilayani Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels, zilipewa maelfu ya hekta kutoka katika ardhi ya vijiji. Ya Kilwa ilifilisika mwaka 2010. Ya Kisarawe ilisimamisha kazi mwaka 2011, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Jambo lililowaumiza zaidi wanakijiji halikuwa kibarua. Ni kwamba ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi yenyewe kijijini kampuni inapoondoka. Wale waliokuwa wakipata kuni, mkaa na maji katika pori hilo waliendelea kukosa njia.

Kwa hiyo, mtu yeyote akija kwako na mti wa mafuta, uwe wa kigeni au wa asili, kaa naye upige hesabu hii. Kwa kinu kidogo cha kukamulia, lita moja ya mafuta ya mbono yahitaji kilo 4 hadi 5 za mbegu. Tuseme ekari yako ya nchi kavu imezaa kilo 400, nawe wahitaji kilo 5 kwa lita. Umepata lita 80. Kuchuma na kubangua kwa mkono ni kama kilo 2 kwa saa, basi ni saa 200, yaani siku 25 za kazi. Sasa jua bei ya lita 80 za dizeli mjini Bariadi, toa gharama ya kinu na ya kusafirisha, gawa kwa siku 25, kisha linganisha na ekari ya pamba au dengu. Usikubali jibu la mgeni. Lipate mwenyewe kwa kalamu yako.

Hatusemi mafuta ya miti hayana kazi. Yana kazi ndogo na nzuri. Huko Arusha akina mama waliofundishwa na shirika la KAKUTE walitengeneza sabuni kwa mafuta ya mbono, na sabuni ilileta faida kuliko kuyachoma mafuta hayo katika taa. Kijiji cha Engaruka kiliendesha mashine yake ya umeme kwa mafuta ya mbono kwa msaada wa shirika la TaTEDO. Nchini Kenya, upande wa Nanyuki, kiwanda kilichoanza mwaka 2012 kilinunua kokwa za mti wa asili uitwao mukinduri, zilizookotwa chini ya miti iliyo tayari mashambani. Angalia tofauti: hapo mkulima hakutoa ardhi, ameokota kilichoanguka. Lakini mti huo hupenda nchi ya juu yenye mvua nyingi kuliko yetu.

Miti yetu wenyewe yenye mafuta ni mjunju na mng'ong'o. Kiini cha mbegu zake kina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake, nayo ni mafuta ya kula na ya kupaka. Mafuta ya kula hayafai kuchomwa katika injini. Kazi ngumu ni kupasua kokwa, kwa hiyo anza kwa kiasi kidogo. Mbono na mbarika si hivyo: mbegu zake ni sumu. Watoto wasizichezee wala mifugo isilishwe mashudu yake.

Ukitaka kupanda mbono au mbarika, panda kwenye mpaka wa boma au wa ngitili, si ndani ya shamba la chakula. Ukipata mnunuzi ni heri. Usipompata, umepata ua.

NANI MWENYE NGITILI

Katika nyumba nyingi ngitili ni ya baba, lakini kuni ni kazi ya mama. Anayeuza miti siye atakayetembea. Basi kabla ya kuuza, kukodisha au kulima ngitili, kaeni mzee na mama na watoto wakubwa, mpige hesabu ya kuni pamoja. Mzee akifariki, yafaa ndugu waendelee kuitunza ngitili ikiwa moja na kugawana mavuno, kuliko kuikata vipande sita ambavyo hakuna hata kimoja kinachotosha nyumba.

Kama kijiji kina ngitili ya pamoja, mipaka yake iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na sheria ndogo zipitishwe na mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nguvu hiyo. Wasukuma tayari wana dagashida na sungusungu, na vyombo hivyo ndivyo vilivyolinda ngitili nyingi wakati wa HASHI. Faini ya mzee anayeheshimiwa huogopwa kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi nayo iwepo, kwa ajili ya wageni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Pima kuni za nyumba yako kwa juma moja.
Funga sehemu iliyochoka iliyo karibu na nyumba, na ulime ukanda wa kuzuia moto.
Tunza visiki kabla ya kununua miche.
Gawa ngitili katika sehemu sita, ukate moja kwa mwaka, kabla ya mvua.
Pasua, panga, kausha. Jenga jiko bora.
Pikia mabua ya pamba mapema, yaliyosalia uyachome.
Usitoe ardhi kwa ajili ya mti wa mafuta kabla ya kupiga hesabu mwenyewe.

Ukiwa na shaka, mwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, au Bwana Miti wa wilaya. Anza mwaka huu kwa ekari moja tu. Mvua mbili zikipita, nenda ukasimame katikati yake pamoja na jirani asiyeamini, umwonyeshe fito zilizoota mahali ambapo hukupanda kitu.